Mzee na Habari za Nchi: Somo Kutoka Butiama

Katika nyumba nyingi za nchi yetu yuko mzee ambaye siku zake hufanana. Huamka kabla ya jua, husali, hungoja uji wake, huenda kuitazama mihogo, huketi kivulini wakati wa adhuhuri, na jioni huomba redio ifunguliwe apate kusikia habari. Mambo hayo ni madogo, wala hayaandikwi gazetini. Lakini habari mbaya ziingiapo nyumbani, mara nyingi ni mzee huyo aumiaye kuliko wote. Kijana akisikia habari mbaya hukasirika, kisha huenda kazini. Mzee hubaki nayo kutwa nzima. Huigeuza moyoni, huilinganisha na mambo aliyoyaona zamani, na usiku usingizi humkimbia. Twaona yafaa wiki hii tuulize: mzee afanye nini, nchi yake ipatwapo na misukosuko ambayo yeye hana nguvu za kuizuia?

Swali hili si la kubuni. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, ghasia zilizuka katika miji yetu kadha wa kadha. Watu walipoteza maisha. Amri ya kutotoka nje usiku ilitolewa katika Dar es Salaam, na intaneti ikakatwa nchini kwa siku kadhaa. Mzee aliyezoea kupata habari za wanawe kwa njia hiyo alikaa gizani. Aliyeishi mbali na mji alisikia uvumi wa namna nyingi, wala hakuwa na mizani ya kuupimia. Siku zile zimepita, lakini hofu haiondoki upesi kama ilivyoingia. Kwa hiyo swali letu lingali na uzito.

Makosa mawili yako tayari kumnasa mzee katika hali kama hiyo. La kwanza ni kuzama katika habari: kukaa na redio au simu toka asubuhi hata usiku, kusikia jambo lile lile mara kumi, na kuona kwamba nchi imekwisha. La pili ni kujitoa kabisa, kusema: “Mimi nimezeeka, hayo ni yenu.” Kosa la kwanza humnyima mzee amani, la pili huwanyima vijana mzee wao. Je, iko njia ya katikati? Twaamini iko, na mmoja wa wazee wa taifa hili aliipita mbele ya macho yetu sote.

Mwalimu Julius Kambarage Nyerere alizaliwa Butiama, upande wa mashariki wa Ziwa Viktoria, mwaka 1922. Tarehe 5 Novemba 1985 aliacha urais, naye alikuwa na umri wa miaka 63. Mwaka 1990 aliacha pia uenyekiti wa Chama cha Mapinduzi. Toka kuacha urais hata kifo chake katika hospitali moja ya London, tarehe 14 Oktoba 1999, ilipita miaka kumi na minne, pungufu ya wiki chache. Wengi wetu twamkumbuka kwa miaka yake ya utawala. Leo twataka kuitazama hiyo kumi na minne ya uzee.

Tuseme wazi kwanza, msomaji asije akatuelewa vibaya. Hatusemi kwamba utawala wake haukuwa na makosa. Sheria ya mwaka 1962 iliyoruhusu mtu kuwekwa kizuizini bila kuhukumiwa ilitungwa wakati wake. Katika miaka ya 1970 watu wengi walihamishiwa vijijini kwa nguvu, na wako wazee wanaokumbuka hata leo nyumba na migomba waliyoiacha nyuma. Jimbo la Musoma lilianzisha mwaka 2005 kazi ya kuchunguza utakatifu wa maisha yake, naye aitwa Mtumishi wa Mungu. Hukumu ya jambo hilo ni ya Kanisa, si yetu. Sisi twatafuta jambo dogo zaidi, nalo ni hili: mzee huyu aliishije na habari mbaya?

Nazo habari mbaya hazikumkosa. Oktoba 1993, Rais Melchior Ndadaye wa Burundi aliuawa. Aprili 1994 mauaji ya kimbari yalianza Rwanda, na mwishoni mwa mwezi huo wakimbizi wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara katika muda wa siku moja hivi. Hapa kwetu, mwaka 1993, Zanzibar ilikuwa imejiunga na Jumuiya ya nchi za Kiislamu, kisha ikajitoa. Na mwezi wa Agosti mwaka huo huo Bunge lilikubali hoja ya wabunge 55 waliotaka iundwe Serikali ya Tanganyika ndani ya Muungano. Fikiri, msomaji, mzee aliyeutia sahihi Muungano kwa mkono wake mwaka 1964 alisikiaje habari ile!

Somo la kwanza twalipata katika neno moja. Mwalimu alipoondoka madarakani alisema kwamba anang’atuka. Siku zile wengi walilisikia neno hilo kwa mara ya kwanza. Leo limo katika kamusi. Ni neno la Kizanaki, lugha ya kwao. Lahusu wazee wa rika moja wanaowaachia wa rika linalofuata kazi ya kuongoza. Tuliangalie vema. Mwenye kung’atuka hafukuzwi wala hakimbii. Ametimiza zamu yake. Humpisha mwingine, kisha huketi pale wazee waketipo, palipo karibu kiasi cha kuweza kuulizwa shauri. Basi neno hilo lina mambo mawili ndani yake: kuachia kweli, na kubaki kweli.

Mzee asiyeachia huteseka bure. Kila habari humwona yeye amedharauliwa, kila kosa la vijana humfanya aseme, “Lau ningalikuwa mimi.” Hili si la wakubwa wa nchi tu. Lamhusu mzee aliyekuwa mwenyekiti wa kijiji, au mwalimu mkuu, au mwenye duka, na hata mama aliyekuwa mwenye kauli jikoni kabla ya kuja mkwe. Yule aliyeachia huweza kusikia habari kama habari. Yamhuzunisha, ndiyo, lakini hayamvunji, kwa sababu hadai tena kwamba nchi isimame juu ya mabega yake.

Somo la pili ni la siku yenyewe. Mwalimu alirudi kijijini kwake Butiama. Alilima. Alihudhuria Misa, kama alivyozoea hata alipokuwa Rais. Alisoma vitabu, na alicheza bao. Aliandika pia. Tangu miaka ya 1960 alikuwa amewafasiria Waswahili michezo miwili ya Shakespeare. Sasa katika uzee alichukua kazi kubwa kuliko hiyo, akazitunga kwa utenzi Enjili zote nne na Matendo ya Mitume. Vitabu hivyo vilipigwa chapa na Wabenediktini wa Ndanda na Peramiho mwaka 1996. Mwenye kuujua utenzi ajua kazi yake: kila mshororo mizani minane, kila ubeti mishororo minne, na vina visipotee. Kazi hiyo haifanyiki kwa siku moja ya hamu. Hufanyika kwa mtu kuketi leo, na kesho, na keshokutwa, akitafuta neno lenye silabi ya kutosha.

Tazama sasa miaka. Mzee huyu aliishi na habari za Rwanda, za Burundi na za Muungano kutikisika, naye katika miaka ile ile alikuwa akihesabu mizani. Je, hakujali? Alijali sana, kama tutakavyoona. Lakini alijua jambo ambalo wengi wetu twalisahau. Habari mbaya humtaka mtu afanye jambo, na kumbe mara nyingi hapo alipo hana la kufanya. Hasira yake hubaki ndani, haina pa kutokea, nayo humla. Shamba halimfanyii mtu hivyo. Shamba lamtaka apalilie mstari huu, na mstari huu aweza kuupalilia. Jioni ikifika ameuona mwisho wa kazi yake. Kwa hiyo kazi ya mikono, sala ya saa yake, na kitabu kisomwacho polepole, si njia za kuisahau dunia. Ni vitu vinavyomrudishia mzee kipimo, akajua lipi liko mkononi mwake na lipi haliko.

Tungependa kila mzee awe na kitu cha namna hiyo. Kwa mmoja ni kuku watano. Kwa mwingine ni kusuka ukili. Kwa mwingine ni kumfundisha mjukuu kusoma. Mgonjwa asiyeweza kuondoka kitandani aweza kuwa na rozari yake na majina ya watu anaowaombea, kila siku jina lake. Jambo lenyewe na liwe dogo, mradi liwe na saa yake, na habari zisiruhusiwe kuila saa hiyo.

Somo la tatu ni kuhusu kusema. Kimya cha mzee si wajibu wa siku zote. Mwalimu alipoona kwamba azimio la Bunge la mwaka 1993 laweza kuvunja nchi, hakukaa Butiama akinung’unika na majirani. Alikwenda Dodoma akasema na wahusika uso kwa uso. Kisha aliandika kijitabu, “Uongozi Wetu na Hatima ya Tanzania”, kilichopigwa chapa Harare. Humo aliwataja viongozi wa juu kwa vyeo vyao, akaeleza kosa lao jinsi alivyoliona yeye, hatua kwa hatua, na tarehe zake. Mwaka 1994 shauri la Serikali ya Tanganyika likawekwa kando. Machi 1995, mwaka wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu vyama hivyo kurudi mwaka 1992, alisema na waandishi wa habari katika Dar es Salaam. Aliifananisha nchi na nyumba iliyopigwa na tetemeko ikaonyesha nyufa. Akazitaja nyufa zenyewe, miongoni mwake rushwa, ukabila na udini.

Mtu aweza kutokubaliana na shauri lake juu ya Muungano, na wako wenye busara wasiokubaliana nalo hata leo. Sisi twatazama namna alivyosema. Kwanza, hakusema kila siku. Kwa hiyo aliposema, watu walisimama kusikiliza. Pili, alisema waziwazi, kwa jina lake, mbele ya wale aliowalaumu, wala hakutuma maneno kwa mlango wa nyuma. Tatu, alileta sababu. Hakusema tu kwamba nyumba ni mbovu. Alionyesha ufa uko wapi.

Hapa msomaji atatupinga, na ana haki. Atasema: “Huyo alikuwa Baba wa Taifa. Akikohoa, magazeti huandika. Bibi yangu aliyeko kijijini Sumbawanga atamwita mwandishi gani?” Twajibu hivi. Bibi huyo ana wasikilizaji ambao Mwalimu hakuwa nao. Ana wajukuu wanaolala chumbani mwake. Ana wanajumuiya wenzake wanaokutana kila juma. Ana jirani wa dini nyingine au wa chama kingine, ambaye wamechota maji kisima kimoja kwa miaka arobaini. Kijana akirudi nyumbani usiku na maneno ya kuwachukia watu wa kabila fulani, ni nani atakayemwambia, “Mwanangu, hao ndio waliokubeba ulipougua surua”? Hakuna gazeti liwezalo kulisema hilo. Penye wazee haliharibiki neno. Lakini methali hiyo yawadai wazee waseme, isiwe ni kuwapo tu.

Tena mzee ana kitu ambacho habari za jioni hazina, nacho ni kumbukumbu. Aliyezaliwa mwaka 1945 aliiona bendera ikipandishwa mwaka 1961. Alisikia maasi ya askari ya Januari 1964. Alipanga foleni ya sabuni na sukari. Aliaga ndugu waliokwenda vita vya Kagera, vilivyoanza mwaka 1978 na kwisha mwaka 1979. Mtu kama huyo akiambiwa kwamba jambo la leo halijapata kuwako, aweza kusema ni kweli au si kweli. Aweza kusema: “Tuliogopa namna hii siku fulani, nayo yakapita kwa sababu hii.” Au aweza kusema: “Hili kweli ni jipya, na lisitendeke tena.” Kauli zote mbili zina manufaa.

Lakini kumbukumbu nayo ina mtego wake. Yule asemaye daima kwamba zamani mambo yote yalikuwa mema hawasaidii vijana, kwa kuwa si kweli, nao watagundua. Tumekwisha taja kizuizi na kuhamishwa. Mzee na aseme yote, mema na mabaya, na zaidi ya yote aseme mabaya aliyoyatenda yeye mwenyewe au aliyoyanyamazia. Kijana humwamini shahidi asiyejipendelea.

Somo la nne ndilo gumu kuliko yote: kukubali kuondoka kabla ya kazi kwisha. Kuanzia mwaka 1996 Mwalimu alikuwa msuluhishi wa Warundi, kwanza katika Mwanza, kisha Arusha kuanzia Juni 1998. Alikuwa mtu wa miaka zaidi ya sabini na minne, na damu yake ilikuwa imeingiwa na ugonjwa uliokuja kumwua. Vikao vilikuwa virefu, na vyama vilikuwa vingi visivyoaminiana. Alikufa kabla mapatano hayajapatikana. Mzee mwingine, Nelson Mandela, naye akiwa na umri wa miaka 81, aliipokea kazi hiyo, na mkataba ulitiwa sahihi Arusha tarehe 28 Agosti 2000, karibu mwaka mmoja baada ya Mwalimu kuzikwa Butiama. Vita vya Burundi havikukoma siku ile, lakini njia ya kuvimaliza ilikuwa imefunguliwa.

Mzee anayesikia habari mbaya za nchi yake mara nyingi huwa na huzuni ya siri: “Nitakufa na kuiacha hivi.” Hatuwezi kumwambia kwamba sivyo. Pengine ndivyo itakavyokuwa. Twaweza kumwambia tu kwamba hakuna kizazi kilichopata kuiacha nchi ikiwa imekamilika, na kwamba mwenye kupanda mwembe akiwa na miaka sabini hajidanganyi. Ajua atakayekula. Kwa sisi waamini kuna tumaini zaidi ya hilo, nalo halitegemei uchaguzi wowote.

Yabaki neno kwa wana na wajukuu, maana nusu ya amani ya mzee iko mikononi mwao.

Msimfiche mzee habari kana kwamba ni mtoto mchanga. Atasikia kwa jirani, tena vibaya zaidi, na atajua kwamba hamkumwamini. Mwelezeni kilichotukia kwa maneno machache, kilicho hakika kando na kilicho uvumi kando.

Msimletee kila kitu kinachotembea katika simu zenu. Picha ya maiti isiyojulikana imetoka wapi, sauti ya mtu asiyejitaja jina, onyo la “wapelekee wenzako kumi”: hivyo vyote ni mzigo asioweza kuupima, kwa kuwa hana njia ya kuuliza ni nani aliyevituma. Nanyi pia, kabla ya kuviamini, ulizeni swali hilo.

Msimwambie, “Hayo hayakuhusu.” Anayo haki ya kupiga kura kama ninyi, na nchi hii ameijenga kwa kodi ya pamba na kahawa yake. Mkiona amekosea, mjibuni kwa heshima na kwa sababu.

Saa ya habari ikiisha, zimeni redio. Mleteeni chakula, kaeni naye, muulizeni habari za shamba. Na siku za hatari, yeyote aliye mbali apige simu mapema aseme, “Shikamoo, mimi ni mzima.” Maneno hayo manne yaweza kumpa mzee usingizi wa usiku mzima.

Nanyi wazee wetu, twawaomba mambo mawili. Msizifanye habari kuwa chakula chenu cha asubuhi, mchana na jioni. Mara moja kwa siku yatosha kwa mtu mwenye kazi yake. Tena msituache peke yetu. Palipo na ufa nyumbani mwetu, tuonyesheni kwa kidole, waziwazi na kwa upendo, nasi tutaleta udongo.